Picha Ikishatoka Mkononi

Mafunzo ya usalama mtandaoni tunayowapa wasichana kwa kawaida hukomea pale hatari inapoanzia. Usichati na usiowajua, usitume picha, usimpe mtu nywila. Sawa. Lakini binti wa miaka 14 ambaye picha ameshaituma, kwa kijana aliyemwamini, haambulii kitu hapo isipokuwa kujua kwamba amekosea. Anayemtishia anategemea hilo hilo.

Tena si lazima awe mgeni. Utafiti wa Disrupting Harm wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL, ambao ripoti yake ya Tanzania ilitoka 2022, ulionyesha kuwa wanaowatendea watoto ukatili wa namna hii mara nyingi ni watu wanaofahamiana nao, na kwamba watoto wanaofika polisi au kupiga simu ya msaada ni wachache mno.

Kwa hiyo somo la kwanza liwe hili: vitisho vikija, usilipe. Aliyetumiwa elfu ishirini leo amejua kwamba unalipa, na kesho atataka nyingine, au picha nyingine. Pili, usifute mazungumzo kwa aibu. Piga picha ya skrini inayoonyesha vitisho, jina la akaunti, namba ya simu na ya muamala kama upo, kisha mfungie.

Halafu kuna zana ambayo walimu wengi hawaijui. Take It Down, huduma ya bure ya kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyonywa, ilianza 2023 kwa picha za utupu za walio chini ya miaka 18. Msichana haambiwi ataje jina wala atume picha. Picha husomwa ndani ya simu yake na kugeuzwa kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu, mithili ya alama ya kidole. Mfuatano huo peke yake ndio unaopelekwa kwa kampuni zilizojiunga, zikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, ili picha inayolingana nao ikionekana iondolewe. Aliyepigwa picha akiwa mtu mzima anayo huduma kama hiyo, StopNCII.

Zana hii ina mipaka. Haifiki ndani ya magrupu ya WhatsApp, maana ujumbe wa humo umefungwa kwa usimbaji, na huko ndiko picha za shuleni zinakozunguka. Hapo inabaki sheria: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inamgusa pia anayesambaza picha ya ngono ya mtoto, si aliyeanza tu. Wavulana waambiwe hivyo darasani, bila kuzungushwa. Na mzazi anayemtumia mjomba picha ya binti “ajionee mwenyewe” naye anasambaza.

Kinachonisumbua zaidi ni adhabu ya kunyang'anywa simu. Binti akishaona dada yake amepokonywa simu kwa kusema ukweli, yeye atanyamaza, atakopa kwa rafiki, atalipa. Ahadi ya mzazi kwamba hatamfokea wala kuchukua simu itolewe mapema, kabla ya tatizo. Asiyeweza kumwambia mama amwambie shangazi, au apige 116, simu ya watoto isiyo na malipo, Tanzania, Kenya na Uganda. Akifika kituo cha polisi Tanzania, aulizie Dawati la Jinsia na Watoto, asihadithie kaunta.