Bukavu: siku mbili za kahawa, sambaza na pori lililo karibu

Mutu anayetoka Goma kwa boti ya haraka anaona Bukavu mbele ya kuifikia. Kisiwa cha Idjwi kinabaki nyuma, milima ya Kabare inakaribia, kisha nyumba zinatokea juu ya rasi tano zinazoingia ndani ya ziwa Kivu. Wakaaji wanazifananisha na vidole vya mukono mumoja.

Kuondoka siku ya posho asubui na kurudi siku ya Mungu ni safari fupi, lakini leo si safari ya kuanza bila kuuliza. Muji ulianguka mikononi mwa AFC/M23 mu Februari 2025. Ndege zilisimama Kavumu, mabenki yakafunga milango. Ziwa ndilo limebeba wasafiri, na mwenye busara anabeba feza taslimu ya kutosha kwenda na kurudi.

Wa kwanza kutafutwa ni kikombe cha kahawa, na hapo kuna jambo la ajabu kidogo. Kivu ya Kusini inalima arabika nzuri sana, mara nyingi aina ya burboni, kwenyi mitelemuko ya Kabare, Kalehe, Walungu na Idjwi, juu ya metre 1.500. Lakini sehemu kubwa inaondoka ndani ya mifuko ingali mbichi, inaenda kukaangwa Ulaya na Marekani. Kwenyi meza nyingi za Bukavu mugeni anawekewa maji ya moto na kopo la kahawa ya unga iliyotoka inchi ingine. Mwenye kujua anakataa kwa heshima, anaomba kahawa ya hapa, iliyokaangwa hapa. Wakaangaji wa muji ni wachache, lakini wako. Ikiwa ni nzuri, haiungui ulimi kwa uchungu. Ina ukali mwepesi unaokumbusha matunda, na wengi wanashangaa kuona inanyweka bila sukari.

Kikombe hicho kina historia nzito. Wakati vita vya miaka ya 1990 vilivunja viwanda na biashara, mukulima wa Kalehe hakuwa na pa kuosha kahawa yake wala mununuzi wa bei nzuri. Alipakia mifuko ndani ya mutumbwi usiku, akavuka kuelekea Rwanda. Upepo wa ziwa Kivu unainuka gafula. Wanaume wengi hawakurudi, na mashamba yakabaki kwa wajane.

Ushirika wa SOPACDI ulianzishwa mwaka wa 2003 kusudi wakulima wauze pamoja, na vyama vingine vikafuata. Kilichobadilisha mambo zaidi ni vituo vya kuoshea. Matunda mekundu yanachumwa, yanamenywa siku ileile, yanachachuka, yanaoshwa, kisha yanaanikwa juu ya meza za wavu huku mikono ya wanawake ikichagua mbegu mbaya moja kwa moja. Mwaka wa 2014 Bukavu ilipokea shindano la kuonja kahawa lililoitwa Saveur du Kivu, na wanunuzi wa mbali wakaanza kutaja majina ya milima hii. Magendo hayakuisha hata hivyo. Kila mara barabara na benki zinapofungwa, njia ya usiku inarudisha mvuto wake.

Mangaribi ni saa ya sambaza. Samaki huyu mudogo si mwenyeji: alitolewa ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutupwa Kivu, kwa sababu maji ya katikati yalikuwa karibu matupu. Leo ni kitoweo cha kila nyumba. Wavuvi wanatoka giza likiingia, na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawashwa, samaki wanafuata mwangaza hadi juu ya wavu. Kwa hiyo kama mwezi ni mupevu, uvuvi unapungua na bei sokoni inapanda. Afadhali kupanga safari ukiangalia mwezi. Wakikaangwa mupaka wakauke, wanaliwa na pilipili na ndimu, pamoja na bugali na sombe. Migahawa ya ufukweni ina mandari nzuri, lakini kusema kweli sambaza ya karibu na soko la Kadutu haina cha kuionea wivu.

Siku ya Mungu ni ya pori. Mulango wa Tshivanga, kwenyi mbuga ya Kahuzi-Biega, uko kilometre kama 30 toka muji, kwa njia ya Mudaka na Miti. Mbuga iliundwa mwaka wa 1970, ina kilometre mraba 6.000, na inabeba majina ya volkeno mbili zilizozimika. Ndani yake kunaishi gorila wa bonde la mashariki, ambao hawapatikani inchi ingine yoyote. UNESCO iliiweka kwenyi uriti wa dunia mwaka wa 1980, na tangu 1997 iko kwenyi orodha ya zilizo hatarini. Mugeni ajue pia kwamba Wambuti, au Batwa, walifukuzwa humo bila malipo, na mwaka wa 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza uamuzi wa kuwapa haki.

Kuingia leo kunategemea usalama wa siku hiyo. Ni lazima kuuliza ICCN mbele ya kulipa gari, wala si dereva anayetafuta muteja. Jibu likiwa hapana, kunabaki Lwiro, kwenye barabara ya Kavumu: majengo makubwa ya watafiti wa wakati wa ukoloni, na makao ya sokwe yatima walionyanganywa wawindaji, yaliyofunguliwa mwaka wa 2002. Huko pia ni kuuliza kwanza.

Jioni, kwenyi bandari, mizigo ya wanaorudi Goma inafanana: mufuko wa sambaza kavu na kahawa iliyokaangwa, yenye harufu inayojaza boti mupaka Idjwi.