Fahamu: Ghilba za Wezi wa Kadi za Benki

Mtu asimamaye mbele ya mashine ya kutolea fedha, foleni ikiwa nyuma yake, hudhani kwamba hatari iliyopo ni kibaka wa kumpora noti zikishatoka. Kumbe mwizi hodari zaidi huenda amekwisha kupita mapema, akabandika juu ya tundu la kadi kifaa chembamba kinachofanana nalo kwa rangi na umbo, na juu ya vitufe akaficha kamera ndogo, kisha akaenda zake.

Kifaa hicho husoma ule utepe wa sumaku ulio nyuma ya kadi, ambao habari zake hazibadiliki, na kwa hiyo hunakilika kwa wepesi. Ile chipu ya mbele, kinyume chake, huzalisha alama mpya kwa kila muamala, ndiyo sababu Mastercard ilitangaza mwaka 2021 kwamba ifikapo 2033 hakutakuwa na kadi yake ya mkopo wala ya debiti yenye utepe huo. Hadi wakati huo, litikise tundu kabla ya kutia kadi, na vitufe uvifunike kwa kiganja, hata wakikuona mwenye shaka iliyopita kiasi.

Ila hadaa inayonitia hofu zaidi haihitaji kifaa: ni sauti ya upole kwenye simu, ijiitayo afisa wa benki, ikikuarifu kwamba akaunti yako imo hatarini, na kukutaka uisomee tarakimu 3 za nyuma ya kadi pamoja na namba iliyoingia punde kwa ujumbe mfupi. Namba hiyo ndiyo idhini yenyewe ya malipo, na benki iliyoituma haina haja ya kukuuliza. Kata simu, kisha uipigie benki mwenyewe kwa namba iliyochapwa kwenye kadi.