Silabi ya Kwanza na Ngeli ya Nomino za Mkopo

Nomino za Kiingereza “club”, “clinic” na “clutch” zina mwanzo mmoja, lakini maana zake hazihusiani. Herufi hizo mbili si kiambishi. Katika Kiswahili, mwanzo wa nomino mara nyingi ndio utawalao upatanisho wa kisarufi. Je, nomino za namna hiyo zikikopwa hutokea nini?

Tuanze na mfano wa njiani. Apitaye Mwakirunge, bara ya Mombasa, aweza kusema: “Vioski viwili vimefungwa.” KI ya kioski ilikuwa sehemu ya shina katika lugha ilikotoka, wasemaji wameisikia kama kiambishi. Ndivyo ilivyokuwa kwa kitabu, neno la asili ya Kiarabu, na kwa kipilefti, jina la mzunguko wa barabara litumikalo Tanzania.

“Club” ladhihirisha jambo hili zaidi. Palipochopekwa irabu tumepata kilabu hiki, vilabu hivi. Palipobaki konsonanti mbili tumepata klabu hii, klabu hizi. Kliniki na klachi hazikuchopekwa irabu, nazo zimo katika ngeli ya N.

Hata hivyo, sauti peke yake haitoshi. Twasema kilo mbili, wala si “vilo viwili”. Yaelekea kilo imefuata vipimo wenzake, yaani gramu, mita na lita.

Kwa hiyo mwalimu asimkosoe mwanafunzi asemaye vioski kwa hoja ya asili ya neno. Achunguze kwanza jinsi wasemaji walipatanishavyo.