Bibi amesahau, au ameulizwa swali lisilomfaa?

Mwezi uliopita, katika kipindi chetu cha jioni, msikilizaji mmoja alipiga simu akasema: "Dada, mama yangu anaamka saa nane usiku, anachukua kibuyu, anakwenda kukama ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe tulishamuuza zamani. Majirani wanasema karogwa. Kaka zangu wanasema ni uzee tu. Mimi nishike lipi?" Muda ulikuwa umeisha, taarifa ya habari ikatukata. Nilimwahidi kwamba nitaandika, na wengine mliotuma ujumbe baada yake mkauliza karibu jambo lilelile.

Msikilizaji, kusahau kwa uzee kupo. Mzee anasahau alipoweka fimbo, anatafuta, anaikumbuka. Jina la mjukuu linampotea asubuhi, mchana linarudi. Ubongo hupungua kasi kama magoti yanavyopungua nguvu. Lakini mtu anayepotea njia ya shambani aliyopita miaka 50, anayeuliza swali moja mara saba kabla chai haijapoa, asiyemjua mtoto wake wa kumzaa, huyo ana jambo jingine. Madaktari wanaliita dimensia. Ni ugonjwa wa ubongo. Aina inayojulikana zaidi ni ile ya Alzheimer, na nyingine hutokana na mishipa ya damu kichwani kuziba au kupasuka, mara nyingi kwa mtu mwenye shinikizo la damu lisilotibiwa. Huja polepole, kwa miezi na miaka, na mpaka leo haina dawa ya kuiponya kabisa.

Sasa, utajuaje? Hakuna kipimo cha damu kwenye zahanati zetu kitakachokuambia. Kinachotumika ni maswali, na hapo ndipo penye kasoro ambayo wengi hawaijui.

Kipimo kilichoenea zaidi duniani kilitungwa Marekani mwaka 1975 na Marshal Folstein pamoja na wenzake. Kina alama 30. Mgonjwa anaulizwa tarehe, anaombwa aondoe saba kutoka mia, tena saba, tena saba. Anaambiwa aandike sentensi. Anapewa kalamu achore maumbo mawili ya pembe tano yaliyopishana. Kwa mwalimu mstaafu hakuna shida. Kwa bibi ambaye hakuwahi kukaa darasani, anapoteza alama hata kama akili yake ni nzima.

Nasema hivi kwa sababu yalimkuta bibi yangu, mzaa baba. Tulimpeleka hospitali moja, siitaji, akapewa karatasi na kalamu. Aliishika kalamu kama mtu anayeshika mwiko. Aliulizwa kwa Kiswahili cha haraka, naye anafikiri kwa Kichagga. Baada ya robo saa tukaambiwa, mbele yake, kwamba bibi "kumbukumbu imeshakwenda". Njiani hakusema neno. Tulipofika nyumbani akauliza nani amefunga mbuzi upande ule, maana kamba ilikuwa fupi. Niliona mambo mawili hayalingani.

Hili liliwasumbua watafiti pia, kabla yangu mimi. Hugh Hendrie na Kathleen Hall, wa Indianapolis kule Marekani, walitengeneza maswali ambayo hayategemei sana shule, wakiyajaribu kwanza kwa Wakree, wenyeji asilia wa Kanada. Baadaye wakashirikiana na madaktari wa Ibadan, Nigeria, wakalinganisha Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Jambo zuri katika kazi yao ni kwamba hawakumuuliza mzee peke yake. Waliketi pia na ndugu anayeishi naye: amebadilika nini? Zamani alikuwa anafanya nini ambacho sasa hakiwezi?

Halafu kazi ikaja kwetu, wilayani Hai, chini ya Kilimanjaro. Hai ilishakuwa na sensa za kiafya za vijijini tangu miaka ya 1990, na daktari Mwingereza Richard Walker alikuwa amechunguza kiharusi huko kwa miaka mingi. Mwaka 2010 yeye, wenzake wa hapa nchini na wa Uingereza wakapita vijijini kuwapima wazee wa miaka 70 na zaidi. Wazee 1,198 waliulizwa maswali ya awali kwa lugha wanayoielewa, kisha baadhi wakachunguzwa kwa kina na daktari. Hesabu ilipokamilika ilionyesha kwamba kati ya kila wazee 100, kama sita hivi wana dimensia. Wale waliokuwa wanasema ugonjwa huu ni wa Wazungu, hapo walipata jibu.

Lililofuata ndilo linalonigusa zaidi. Daktari Stella-Maria Paddick na kundi lake, wakiwemo Watanzania na Wanigeria, walitaka kipimo ambacho muuguzi wa kijijini anaweza kukifanya kwa dakika kama 10, bila kalamu. Walichambua maswali yaliyotumika Hai wakabakiza machache yanayotenganisha vizuri mwenye ugonjwa na asiye nao. Leo ni siku gani ya juma? Kiongozi wa kijiji hiki ni nani? Daraja ni kitu gani? Taja wanyama wengi uwezavyo kwa dakika moja. Sikiliza maneno haya 10, nitakuuliza tena baadaye. Na mahali pa kuchora wakaweka njiti za kibiriti: mpimaji anapanga njiti nne kwa umbo fulani, mzee anapewa njiti zake nne apange vilevile. Wazo la njiti lilikuwa limeshajaribiwa Ibadan. Kila nyumba kuna kibiriti, na kila mkono wa mzee unakijua.

Kipimo hicho kina alama 15, na kilijaribiwa Tanzania na Nigeria. Anayepata chache hatangazwi mgonjwa papo hapo, anapelekwa kwa daktari. Na tafadhali, usikifanye mwenyewe jikoni ukampa mama hukumu. Kinahitaji mtu aliyefundishwa.

Kuna ugumu mwingine ambao waliukuta, nao ni wa heshima yetu wenyewe. Kwa Wazungu wanauliza: je, bado anaweza kulipa bili zake, kuendesha gari, kwenda dukani? Kwetu mzee wa miaka 75 haendi dukani, anatumwa mjukuu. Hapiki, mkwe anapika. Ugonjwa unaweza kumla miaka miwili na hakuna anayeona, kwa sababu tumemvua kazi zote kwa mapenzi. Ndiyo maana watafiti walikaa na watu wa Hai kutafuta ni kazi zipi za mzee wa kijijini zinazoonyesha akili yake bado imesimama.

Kwa msikilizaji wa ng'ombe, haya ndiyo ya kufanya. Kwanza angalia mwendo wa jambo lenyewe. Kama mama alikuwa mzima Jumapili na Jumatano haeleweki, hiyo si dimensia, ni dharura. Nimonia, maambukizi ya mkojo, malaria, sukari kushuka, au damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, vyote vinaweza kumvuruga mzee kwa siku chache, na vingi vinatibika akiwahishwa. Kama imekuja polepole, mpeleke pia. Msongo baada ya kufiwa, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, na hata dawa anazomeza, vyote huiga dimensia. Nenda naye ndugu anayelala nyumba moja naye, mkabebe dawa zote anazotumia, na mwombeni mpimaji azungumze lugha ya mama.

Ikithibitika ni dimensia, bado kuna la kufanya. Hai hiyohiyo walijaribu vikao vya kuchangamsha akili: wazee wachache wanakaa pamoja mara mbili kwa wiki, kwa wiki saba, wanazungumza mambo ya zamani, wanaimba, wanatambua vyakula na vifaa. Walishiriki wazee 34, na kumbukumbu na hali ya wasiwasi ziliboreka. Njia ilitoka Uingereza, ikarekebishwa ili ifae watu wasiosoma.

Na kuhusu uchawi niseme wazi, ingawa najua wengine mtanipigia simu. Katika nchi hii wapo vikongwe waliouawa kwa kushukiwa. Bibi anayezurura usiku akiongea na mtu asiyeonekana yuko hatarini zaidi kwa majirani kuliko kwa ugonjwa. Waambieni majirani mapema, kwa jina la ugonjwa, kabla hawajatafuta jina lao. Fungeni lango usiku, msimfunge yeye.

Bibi yangu tulimpeleka kwingine. Muuguzi pale alikuwa mama wa makamo, akampa shikamoo kwa Kichagga, akamwangalia masikio kwanza. Yalikuwa yameziba nta yote mawili. Baada ya kusafishwa akaulizwa upya, akataja wanyama mpaka muuguzi akacheka, akapanga njiti zake nne bila kusita. Kisha akazikusanya, zake na za muuguzi, akazifunga kwenye pindo la khanga. Alisema kibiriti siku hizi kimepanda bei.