Ndoa, Watoto na Kazi katika Karatasi za Mafunjo za Misri

Baada ya Aleksanda Mkuu kuitwaa Misri mwaka 332 KK, Wagiriki wengi walihamia huko, na kwa karne nyingi Kigiriki kikawa lugha ya ofisi, mahakama na mikataba. Watu waliandika juu ya karatasi za mafunjo, na iliyokwisha kazi ikatupwa jalalani. Kwa kuwa mvua ni haba mno kusini mwa delta ya Nile, taka hizo hazikuoza. Majira ya baridi ya 1896 na 1897, Bernard Grenfell na Arthur Hunt kutoka Oxford walianza kuchimba majalala ya mji wa Oxyrhynchus, na vipande vilivyopatikana hapo ni laki kadhaa.

Ndoa iliwekewa masharti ya maandishi. Mkataba wa mwaka 310 KK kutoka kisiwa cha Elephantine unamwoza Demetria kwa Heraclides. Mali iliyotoka upande wa bibi harusi ilikuwa nguo na mapambo ya thamani ya drakma 1,000. Mume alikatazwa kuleta mwanamke mwingine wa kumdhalilisha mkewe, au kuzaa nje. Ikithibitishwa mbele ya watu watatu walioridhiwa na pande zote mbili kwamba amevunja sharti, airudishe mali hiyo na kuongeza drakma 1,000 nyingine. Mke naye, akimwaibisha mumewe, aliipoteza.

Kuhusu watoto, karatasi hizi zinatia uchungu. Mwaka 1 KK kibarua aitwaye Hilarion, akiwa Alexandria, alimwandikia mkewe Alis. Anamsihi amtunze mtoto wao, anaahidi kutuma fedha mara atakapolipwa ujira, anamhakikishia kwamba hawezi kumsahau. Katika barua hiyohiyo anamwagiza kuwa akijifungua mwana amlee, akiwa binti amtupe. Upendo na agizo hilo vimekaa pamoja bila mwandishi kuona mgongano wowote, na hapo ndipo inapoonekana jinsi desturi ya kutupa watoto ilivyojikita.

Waliotupwa hawakufa wote. Baadhi waliokotwa wakalelewa kuwa watumwa. Kesi ya mwaka 49 BK inasimulia habari za Pesouris, aliyemwokota mtoto wa kiume na kumkabidhi Saraeus amnyonyeshe kwa ujira. Baadaye Pesouris alimchukua mtoto kwa nguvu. Saraeus alidai kwamba yule wa kuokotwa amekwisha kufa na aliyenyakuliwa ni mwanawe wa kumzaa. Hakimu alimtazama mtoto, akaona amefanana na mama huyo, akaamua arudishiwe iwapo yeye na mumewe wataapa kwa maandishi, na fedha alizopokea azirejeshe.

Mtoto wa fundi alipelekwa kujifunza kazi mapema. Mwaka 66 BK mfumaji Tryphon alimweka mwanawe kwa mfumaji mwenzake kwa mwaka mmoja, na kila siku ambayo kijana angekosa kazi ilibidi ailipe mwishoni. Tryphon hakujua kusoma wala kuandika, kama wengi wa zama zake, hivyo mtu mwingine alitia sahihi kwa niaba yake na kulitaja jambo hilo waziwazi kwenye mkataba.