Je, Wajua? Mtoto wa Frere Town Aenda Kupiga Hema Kwenye Baridi

Je, wajua kwamba habari za theluji ya Afrika Mashariki zilitokea huku kwetu Mombasa? Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliyekuwa akikaa Rabai aliona weupe ukimeremeta juu ya Kilimanjaro. Msafara wake uliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili wa pwani. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley akakataa katakata: theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Mlima bado uko palepale, mita 5,895, na barafu ingali juu yake.

Kwa hiyo wewe skauti wa Frere Town unayejiandaa kwenda kambini bara wakati huu wa kipupwe, usikubali kuambiwa baridi ni ya wenyewe. Sisi ndio tuliowapasha habari!

Na kengele ile ya Kengeleni unayoipita kila siku ukienda dukani, wajua kazi yake? Frere Town ilianzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) iwe makao ya watu waliokombolewa utumwani, ikapewa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyepigania kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja. Kengele ilipolia, watu walijua hatari yaja, wakajiweka sawa. Mtaa wetu ulikuwa umeshajua kukaa tayari miaka 32 kabla ya skauti kuzaliwa!

Maana skauti ilizaliwa lini? Agosti 1907, kisiwani Brownsea, Uingereza, kwa kambi ya wavulana wapatao 20 tu. Ndiyo, 20! Leo maskauti wa dunia nzima wanapita milioni 50. Kenya haikuchelewa hata kidogo: mwaka 1910 skauti walishaingia.

Sasa tuje kwenye baridi yenyewe. Mombasa, hata katikati ya Julai, usiku hushuka hadi kiasi cha nyuzijoto 20 tu. Nyeri unakokwenda kupiga hema, mwezi huohuo, usiku hushuka hadi kiasi cha nyuzi 10. Ni nchi ileile na usiku uleule, lakini nyuzi zimekatika nusu!

Unajua linakwenda wapi joto hilo? Kila ukipanda mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5. Nyeri iko kama mita 1,750 juu. Piga hesabu mwenyewe halafu utazame ile fulana yako nyepesi.

Hili nalo litakushangaza: usiku wa nyota tele ndio unaouma zaidi. Mawingu yakitanda, joto la ardhi huzuiliwa lisitoroke. Anga ikiwa wazi, joto lote hukimbilia juu. Ukiona nyota zimejaa kule Nyeri, ongeza soksi kabla hujaanza kuzihesabu.

Je, wajua kwamba maji ya Nyeri huchemka kabla hayajafika nyuzi 100? Ni kweli, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa sababu hewa ya kule juu ni nyepesi. Chai haina neno, lakini maharagwe yatakutia adabu! Yaloweke tangu usiku, la sivyo maskauti wenzako watakukodolea macho mpaka jua lizame. Na ukipanda Mlima Kenya hadi kilele cha Lenana, mita 4,985, maji yatachemka kwenye nyuzi 84 hivi. Kule juu usijaribu maharagwe kabisa.

Njia je? Reli ya zamani ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899, miaka 3 ya jasho. Wewe unapanda Madaraka Express pale Miritini, kilomita 472, na saa 5 hivi baadaye uko Nairobi ukitafuta sweta. Asubuhi umeamka karibu na usawa wa bahari, mchana uko zaidi ya mita 1,600 juu. Weka sweta juu kabisa ya mkoba, tafadhali, si chini ya sufuria.

Na hilo sweta, wajua limetoka wapi? Soko la Kongowea liko mlangoni kwetu, na marobota yake mengi ya mitumba hutoka nchi ambazo theluji huanguka kila mwaka. Lile jaketi zito ambalo hakuna mtu wa Mombasa anayelitaka, lile linalochekwa na wapita njia, huenda limeshacheza kwenye theluji halisi! Hebu lipapase ndani. Ukikuta manyoya au sufu, lipia haraka kabla mwenye meza hajajua unakwenda Nyeri.

Lakini usinunue moja nene ukadhani umemaliza. Nguo tatu nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine hushinda moja nzito, kwa sababu kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa katikati yake. Mimea ya Mlima Kenya imelijua hilo zamani sana: senesio kubwa za kule juu hazidondoshi majani yake makavu, huyaacha yakauzunguka mti yakawa koti. Usiku kule hushuka chini ya sifuri, na mti hauna habari.

Na pamba? Fulana ya pamba ikilowa jasho hunyonya joto lako bila huruma. Sufu ikilowa bado hukupa joto. Ndiyo maana kabla ya kulala unavua kila kitu ulichokitembelea mchana na kuvaa kikavu, hata kama cha mchana chaonekana kikavu. Nasisitiza soksi! Miguu ndiyo hulalamika kwanza.

Umewahi kuambiwa kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani? Si kweli. Kichwa hupoteza karibu sehemu 1 kati ya 10, kulingana na ukubwa wake tu. Kofia ya sufu vaa, ila usivae kofia ukaenda kifua wazi.

Haya, hapa sogea karibu, maana hapa ndipo watoto wengi wa pwani hunaswa. Je, wajua kwamba baridi ya usiku hutoka chini kuliko juu? Ardhi baridi huunyonya mgongo wako joto kwa kasi kuliko hewa inayokuzunguka. Blanketi 3 juu yako na turubai tupu chini yako, utatetemeka mpaka alfajiri. Blanketi 2 tu, na kitu kinene chini, utalala fofofo. Na hicho kitu kinene hakina haja ya kutoka duka la watalii. Maboksi ya katoni yaliyokunjuliwa, magazeti ya wiki nzima, magunia makavu, mkeka wa bibi juu yake: umeshapata kitanda cha kifalme kwa bei ya kuomba tu. Muulize mwenye duka jirani akuwekee katoni tangu Jumatatu.

Wajua pia kwamba ukilala, unapumua maji? Kwa usiku mmoja, pumzi na ngozi yako hutoa takriban robo lita ya mvuke. Mkiwa wanne ndani ya hema, hiyo ni lita nzima inayotafuta pa kukaa! Hukaa kwenye turubai, hupoa, kisha hukudondokea usoni saa kumi alfajiri. Acha kidirisha cha hema wazi kidogo, hata kama roho inakataa.

Na sasa la hatari, nalo silipunguzi hata neno moja. Jiko la makaa halilali ndani ya hema. Kamwe! Makaa yanayofifia hutoa gesi ya kaboni monoksidi ambayo haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Damu huikumbatia gesi hiyo mara 200 na zaidi kuliko inavyoikumbatia oksijeni, na aliyelala haamki kujitetea. Jiko likae nje, mbali na mlango, na kiongozi alihakiki kabla taa hazijazimwa. Ukimwona mwenzako analiburura kuingia nalo, piga kelele bila haya.

Kutetemeka je? Usikuonee aibu! Mwili unaotetemeka unaweza kutengeneza joto hadi mara 5 ya kawaida. Cha kutisha ni kutetemeka kukikoma wakati mtu bado ana baridi. Mwili wa kawaida una nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35 ulimi huwa mzito, vidole hushindwa kufunga kifungo, miguu hupepesuka. Hapo huachi mtu "apumzike kidogo". Unamvua nguo mbichi, unamfunika, unampa kitu cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, na unamwita mkubwa mbio.

Na kabla ya kulala, kula! Tumbo lenye chakula ni tanuri. Kashata mbili mfukoni, au kipande cha mkate wa sinia na chai ya tangawizi, na joto lina kuni za kuchoma usiku mzima. Maji moto yaliyobaki yatie kwenye chupa ngumu isiyovuja, ivishe soksi, ilale nawe miguuni. Asubuhi utanawia uso maji ya vuguvugu huku wenzako wakipiga mayowe bombani.

Je, wajua ni nani aliyetufundisha kupima makali ya upepo wa baridi? Skauti! Paul Siple alikuwa na miaka 19 alipochaguliwa mwaka 1928 kwenda Antaktika na msafara wa Richard Byrd. Akarudi huko tena na tena, na pamoja na Charles Passel wakaning'iniza chupa ya maji juu ya paa, wakapima inachukua muda gani kuganda upepo ukivuma. Chupa ya maji tu, na mpaka leo watabiri wa hali ya hewa wanatumia wazo lao.

Kabla yake alikuwepo James Marr wa Scotland, mwenye miaka 18. Mwaka 1921 mvumbuzi Shackleton alitafuta skauti wa kwenda naye kusini kwa meli ya Quest. Walioomba? Wapatao 1,700! Marr akawa mmoja wa wawili waliochaguliwa.

Lakini kwa kujiandaa, sijasikia kisa kinachokishinda hiki cha Nanyuki. Januari 1943, wafungwa 3 wa vita Waitaliano, wakiongozwa na Felice Benuzzi, walitoroka kambini kwa lengo moja tu: kupanda Mlima Kenya. Kamba walisuka kwa katani ya vitanda vyao. Shoka za barafu walifua kutokana na nyundo. Ramani? Picha ya mlima kwenye karatasi ya kopo la nyama! Wakasimika bendera yao Lenana, kisha, baada ya siku 18, wakarudi wenyewe gerezani. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke, na mkuu wa kambi akazipunguza zikawa 7 kwa kuheshimu ushujaa wao. Halafu wewe unaniambia huwezi kwenda kambini kwa sababu huna mfuko wa kulalia wa dukani?

Ukifika Nyeri, utaambiwa uzuru kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti. Je, wajua kwamba alihamia kule mwaka 1938 na kukaa katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu, kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan? Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akazikwa papo hapo Nyeri. Juu ya jiwe lake kuna duara lenye nukta katikati, ishara ya njiani ya maskauti inayosema kwamba aliyepita hapa amekwenda nyumbani.

Na hapo kaburini utapeana mkono wa kushoto na maskauti wa Kisumu, Garissa na Turkana. Naam, wa kushoto! Najua bibi yako kakufunza kuwa kumpa mtu wa kushoto ni utovu wa adabu, na pwani nzima itamuunga mkono. Lakini skauti wa dunia yote husalimiana hivyo, kwa hiyo fanya mazoezi kabla ya safari usije ukasitasita mbele ya watu.

Turudi kwenye theluji. Wajua kwamba Septemba 2008, karibu na Nyahururu, wanakijiji walikuta kilima kizima cheupe? Watu walidhani ni theluji, wakaichezea. Wataalamu wakasema ni mvua ya mawe iliyogandamana. Nani alijali jina? Walishacheza!

Na Philip Boit je? Mkenya huyu aliona theluji kwa mara ya kwanza mwaka 1996, kule Finland. Miaka 2 tu baadaye, 1998, alikuwa Nagano, Japani, kwenye Olimpiki ya baridi, akishindana kilomita 10 kwa skii. Alimaliza wa 92, wa mwisho kabisa, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alisubiri mstarini dakika 20 nzima ili amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie!

Wewe huendi Nagano. Unakwenda Nyeri siku 2, na Kongowea iko wazi leo mpaka jioni. Umeshapata katoni?