Amehama Simba au amehamia Simba? Lugha ya shabiki wakati wa usajili

NIKIRI mapema ili msomaji ajue niliposimama: mimi ni shabiki wa AFC Leopards, na ligi kuu tuliishinda mara ya mwisho mwaka 1998. Ndiyo maana kipindi ninachokipenda zaidi katika soka ya Kenya ni kile ambacho hakuna mechi, baina ya kumalizika kwa ligi moja na kuanza kwa nyingine. Wakati huo hatufungwi na mtu. Kazi yangu huwa kuketi kwa kinyozi wangu hapa mtaani Jamhuri, nikihesabu wachezaji wanaoondoka Gor Mahia.

Kuna miaka iliyokuwa mitamu. Mwaka 2018 Meddie Kagere alikwenda Simba ya Dar es Salaam, naye Godfrey Walusimbi akaenda Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini. Mwaka 2019 Francis Kahata akamfuata Kagere huko Simba, Jacques Tuyisenge akaelekea Petro de Luanda ya Angola. Mwaka 2020 ikawa zamu ya beki Joash Onyango, Simba hiyo hiyo. Kinyozi, ambaye ni K'Ogalo wa kuzaliwa, alininyoa siku hizo bila kusema neno. (Kwamba Gor ndio walioibuka mabingwa miaka yote hiyo mitatu ni jambo ambalo shabiki wa Ingwe halazimiki kulitaja.)

Lakini safu hii ni ya lugha, na lugha ndiyo iliyotugombanisha. Siku moja mwaka huo wa 2020 mteja aliyekuwa akisubiri zamu yake alitusomea kutoka kwenye simu: "Onyango amehama Simba." Kinyozi akaizima mashine. "Mwalimu, umeskia? Amehama Simba! Huyo anarudi nyumbani!" Ilinibidi nieleze, nikiwa nimenyolewa upande mmoja tu, kwamba mwandishi alikusudia "amehamia".

Kitenzi "hama" hutaja kule anakotoka mtu. Kiambishi cha kutendea kikiingia, tunapata "hamia", ambacho hutaja anakokwenda. Anayesema "nimehama Woodley" na anayesema "nimehamia Woodley" wote wamepakia magodoro kwenye lori, ila malori yenyewe yanaelekea pande tofauti. Irabu moja tu. Sentensi iliyo sahihi ni: Onyango alihama Gor akahamia Simba. Cha kuchekesha ni kwamba mwaka 2023, beki huyo alipoondoka Simba kwenda Singida Fountain Gate, sentensi ya yule mteja ilikuja kuwa kweli, miaka mitatu baada ya kusomwa.

Waandishi wetu wa michezo wanakipenda pia kitenzi "gura". Si neno la kubuni. Limo kamusini kwa maana ya kuhama, na linafaa vichwa vya habari kwa sababu ni fupi. Sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na "tema", na hapa najishtaki mwenyewe kwanza.

Tazama tukio moja, la Kagere kwenda Simba. Shabiki wa Gor atasema, "Tumewauzia Simba." Mimi nitasema, "Amewahepa." Shabiki wa Simba atasema, "Tumemnasa." Gazeti litasema amegura. Mtu ni yule yule, safari ni ile ile, ila kila msemaji amechagua kitenzi kinachompa ushindi yule anayempenda. Mchezaji mzuri akiwatoka wapinzani, yeye ndiye mtenda: amewakimbia, amewahepa. Wa kawaida akiwatoka, wapinzani ndio watenda: wamemtema. Wetu akiondoka, basi "tumeagana naye", kana kwamba alisindikizwa hadi stendi na kufungiwa chapati za njiani.

Sasa, kutema ni kutoa kilichomo kinywani kwa sababu hukitaki. Kuna wachezaji ambao kweli timu imewakataa, na neno hilo, japo kali, linawahusu. Lakini wengi katika orodha zile za "waliotemwa" mikataba yao ilikwisha tu. Hapo hakuna mtenda. Kiswahili kina njia ya kusema hivyo bila kumdhalilisha mtu: "mkataba wake umeisha" au "mkataba wake haukurefushwa". Jumanne anaitwa aliyetemwa, Jumatano anatafuta timu nyingine, na kocha wa timu hiyo naye husoma magazeti.

Neno linalonisumbua kuliko yote, hata hivyo, ni lile tunalolidhani rahisi: "sajili". Asili yake ni Kiarabu, "sijill", yaani daftari la kumbukumbu rasmi. Kusajili ni kuandikisha jina katika daftari hilo, ndiyo maana tuna Msajili wa Ndoa na Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Katika soka, daftari liko kwa shirikisho, si kwa klabu. Klabu na mchezaji hutia saini mkataba. Kisha, kipindi cha usajili kikiwa wazi, jina hupelekwa shirikisho likaandikwe. Akitoka nchi nyingine, lazima pia shirikisho la huko litoe cheti cha uhamisho wa kimataifa. Hatua hizi ni mbili, nasi tumezipa kitenzi kimoja. Mitaani tunasema "wamesaini beki", na kusema kweli lugha hiyo ya mitaani inakaribia ukweli kuliko "wamesajili" ya magazetini, ingawa kinachotiwa saini ni karatasi, si beki.

Tofauti hii si ya walimu peke yao. Gor Mahia na Leopards, kila mmoja kwa wakati wake, wamewahi kuadhibiwa na FIFA kwa kutolipa madeni, na adhabu yenyewe ilikuwa kuzuiwa kusajili wachezaji wapya. Klabu iliyo chini ya marufuku kama hiyo bado inaweza kumpa mtu kalamu. Kuliingiza jina lake daftarini haiwezi, na asiyesajiliwa haruhusiwi kucheza mechi ya ligi.

Kijana wa jirani yangu aliyajua hayo akiwa amechelewa. Alikuja na habari kwamba timu fulani ya hapa Nairobi imemsajili. Mama yake akapika pilau, nasi tukala. Alikuwa ametia saini tu. Timu ilikuwa imefungiwa, na hakuna aliyemweleza. Msimu mzima, siku za mazoezi alipanda matatu ya Ngong Road kwenda kufanya mazoezi, na siku za mechi akaketi jukwaani na nguo zake za nyumbani. Mshahara nao ulikuja mara mbili. Alipoondoka, habari fupi mahali fulani ilisema ametemwa. Hakuwa amesajiliwa, na hata kinywani hakuwahi kuingia.

Tangu hapo, nikisikia Gor wamemsajili fulani, swali langu la kwanza kwa kinyozi ni kama jina limefika shirikisho. Hudhani nina wivu. Nina wivu, lakini swali ni la haki.

Kuna na "mkopo". Onyango alipelekwa Singida kwa mkopo, ndivyo ilivyoandikwa, na neno hilo limeota mizizi kiasi kwamba sitalipigania. Ila wazee walitofautisha kukopa na kuazima. Ukikopa sukari dukani, hurudishi sukari ile ile. Umeshainywa, unalipa thamani yake. Ukiazima sufuria ya jirani, unarudisha sufuria hiyo hiyo. Mchezaji anayekwenda timu nyingine kwa msimu mmoja kisha akarudi ameazimwa, hakukopwa.

Nilimweleza kinyozi hayo juzi, nikamtania kwamba Gor watukopeshe mshambuliaji mmoja, maana sisi ni mashemeji. Akaipangusa mashine polepole.

"Kukopesha, hapana, Mwalimu. Kuwaazima, sawa. Na mtamrudisha na magoti yote mawili."